Mashine Ilipojifunza Kunyamaza

Kaseti ilikuwa moja, redio ya kuichezea moja, nasi wanafunzi tulizidi arobaini. Kabla ya kipindi cha Kifaransa mwalimu wetu alichomeka kalamu ya biki kwenye tundu la kaseti, akazungusha polepole mpaka utepe uliolegea ukakaza. Kisha sauti ya mama mmoja Mfaransa ikatuuliza jambo, ikanyamaza, nasi tukajibu kwa kelele. Siku moja tulikubaliana tusijibu. Mama akauliza, akanyamaza, utepe ukakwaruza kidogo, halafu akatupongeza: très bien! Mwalimu mwenyewe alishindwa kujizuia kucheka.

Ule ukimya wa sekunde chache una historia ndefu, na sehemu yake moja nzuri imetokea kwetu.

Zamani aliyetaka kusikia lugha ya kigeni kutoka kwa mwenyewe ilibidi amlete mwenyewe. Berlin walifanya hivyo. Chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa huko mwaka 1887, na Kiswahili kikafundishwa kwa msaada wa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda kufundisha huko mwaka 1900. Aliwafundisha matamshi watu waliojiandaa kuja kututawala, na baadhi yao hawakupenda kabisa kukaa mbele ya mwalimu Mwafrika.

Sauti isiyo na mtu ilikuwa imeshapatikana. Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, na mwaka 1901 Jacques Roston akaanzisha Linguaphone jijini London, kampuni iliyouza masomo ya lugha pamoja na sauti zilizorekodiwa. Mtu angeweza kujifunza sebuleni kwake. Kasoro ya santuri ni kwamba ikianza kuzunguka haina subira. Ukitaka kurudia neno, unyanyue sindano na kuirudisha kwa kukisia, na kila ukiirudisha unaikwaruza santuri.

Utepe wa sumaku ndio uliobadili mambo. Wajerumani waliuonyesha hadharani Berlin mwaka 1935, na baada ya Vita vya Pili ukasambaa duniani. Utepe hukatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi. Fundi aliweza kuchukua sentensi moja, akaunga mbele yake kipande kitupu, kisha akaweka jibu sahihi. Kile kipande kitupu ndicho kilichokuwa zamu ya mwanafunzi.

Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik, Wamarekani wakashikwa na hofu ya kuachwa nyuma. Septemba mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyomwaga fedha katika masomo ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni, vifaa vikiwemo. Maabara za lugha zikaota kama uyoga. Ukiingia ndani ungekuta safu za vibanda vya mbao vilivyotenganishwa kwa kuta fupi, kila kimoja na visikizio, kipaza sauti na kinasa sauti chake. Mbele alikaa mwalimu kwenye meza iliyojaa swichi. Akibonyeza moja anamsikiliza mtoto wa kibanda cha saba bila mtoto kujua, akibonyeza nyingine anazungumza naye peke yake.

Kiswahili kiliingia katika vibanda hivyo. Mwaka 1963 chuo kinachowaandaa wanadiplomasia wa Marekani kilitoa kitabu kinene cha Kiswahili cha Earl Stevick, J. G. Mlela na F. N. Njenga, chenye kanda zake. Mmarekani wa kupelekwa Nairobi au Dar es Salaam alivaa visikizio, akasikia sentensi ya Kiswahili, akaachiwa nafasi, akajikwaa, utepe ukaendelea na safari yake.

Mwaka huohuo sifa za maabara zilianza kuchacha. Raymond Keating alitoa utafiti uliopima wanafunzi wa Kifaransa, na kwa mengi waliokosa maabara hawakuwa nyuma ya walioipata. Mahali pengine waliwapita. Uchunguzi mkubwa wa Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1960 nao haukuona faida. Watetezi walilaumu vipimo, walimu wasiofunzwa na mashine mbovu, na hawakukosea kabisa. Ila mimi nadhani mama yetu wa kaseti alikuwa anakaa katika vibanda vyote vile: mashine ilinyamaza bila kusikiliza, na mtoto hachelewi kugundua hilo.

Sasa tuje Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikishirikiana na wataalamu wa Kimarekani kwa fedha za USAID, ilitengeneza masomo ya Kiingereza ya redio kwa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za vijijini. Mradi uliitwa English in Action. Mbinu ilitokana na masomo ya hisabati kwa redio yaliyoanza Nicaragua mwaka 1974. Kila kipindi kilikuwa cha nusu saa. Watangazaji waliuliza wakanyamaza, wakaagiza watoto wasimame, waguse dawati, waimbe, wajibu, na urefu wa kila ukimya ulipangwa ulingane na muda ambao mtoto wa umri ule anauhitaji.

Hakukuwa na vibanda. Kulikuwa na redio moja, betri, na mwalimu. Kwa maoni yangu mwalimu ndiye aliyeukomboa ule ukimya. Redio haikumsikia mtoto aliyekosea, yeye alimsikia. Alimwita mwingine, akaandika neno ubaoni, akamgeukia aliyekaa kimya nyuma. Watoto wa redio walipopimwa waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Baadaye mbinu hii ilivuka hadi Lesotho na Afrika Kusini. Lakini hapa kwetu mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, mwaka uleule mradi ulipofikia mwisho wake, na vipindi vilikuwa vimeandikwa kwa mtaala wa zamani.

Ya baadaye yanajulikana: kompyuta, simu, Duolingo iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012 na kuongeza Kiswahili mwaka 2017. Simu za leo hungoja ujibu, nyingine hukwambia umekosea wapi. Mama wa kaseti asingeweza.

Waliokaa madarasani mbele ya redio ile sasa wanakaribia miaka hamsini au wameivuka. Kama u mmoja wao, au ulikuwa mwalimu uliyesimama kando ya redio, tuandikie. Tuambie sauti iliponyamaza, darasani kwenu kulikuwaje.