Masomo ya klaudi yalivyowafikia wakimbizi, na Kalemie ijifunze nini



Katika vikundi vya WhatsApp vya mji wetu yanapita matangazo mengi: jifunze klaudi bure, pata kazi ya kulipwa dola. Vijana wanawaonyesha wazazi, na wazazi wanauliza kama ni kweli au ni wezi. Jibu fupi ni kwamba masomo ya bure yapo kweli. Lakini ukifuata historia yake utaona kwamba somo peke yake, ndani ya telefoni ya mtu mmoja, halimfikishi mbali. Penye mafanikio palikuwa na kikundi kinachosoma pamoja, chumba chenye umeme, na mtu wa karibu wa kuulizwa. Historia hiyo inawahusu pia Wakongo wenzetu waliokimbilia ng'ambo.

Klaudi ni nini

Klaudi maana yake ni wingu, lakini hakuna kitu angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme usiku na mchana na mashine za kuzipoza zisiungue. Benki, hospitali au duka haliji kununua kompyuta zake lenyewe. Linakodi zile za huko kupitia intaneti na kulipa kadiri linavyotumia. Hapa Kalemie tunaweza kuelewa kwa mfano wa umeme. Hakuna familia inayojijengea bwawa lake. Umeme unatoka Bendera, unavuta waya, unalipa SNEL. Mwaka 1961 mwalimu mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, John McCarthy, alisema kwamba siku moja nguvu ya kompyuta inaweza kuuzwa kwa watu wote kama huduma ya telefoni.

Ilipita miaka 45. Machi 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mahali pa kuhifadhi data, huduma iitwayo S3. Agosti mwaka huohuo ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe, huduma iitwayo EC2. Wengi hawajui kwamba EC2 ilitengenezwa Afrika. Chris Pinkham, mhandisi wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Amazon huko Marekani, alitaka kurudi kwao. Kampuni haikutaka kumpoteza, ikamwacha afungue ofisi Cape Town, na kikundi kidogo cha watu huko ndicho kilichoijenga.

Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya 10 majumba ya kampuni hizo kubwa hayakujengwa katika bara letu. Microsoft ilifungua ya kwanza Johannesburg na Cape Town Machi 2019. Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020, na Google Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Majumba yapo mbali, lakini kazi ya kuyatumia si lazima ifanyike palepale. Anayejua kuwasha kompyuta hizo kwa mbali, kuzifungia wezi wasiingie, kuweka nakala za data na kuangalia malipo yasipande bila sababu, anaweza kukaa mji wowote wenye intaneti. Hapo ndipo masomo yalipoanza kutafutwa sana.

Nani alianza kufundisha

Kampuni zenyewe ndizo zilizofundisha, na hazikufanya hivyo kwa huruma tu. Anayejifunza mashine za kampuni fulani, kesho atazinunua au atamshauri bosi wake azinunue. Cisco, inayouza vyombo vya kuunganisha kompyuta, ilianzisha shule zake za mtandao mwaka 1997, na mwaka 2000 ikaungana na UNDP kuzipeleka katika nchi zenye uwezo mdogo. Amazon ilianzisha AWS Educate kwa wanafunzi mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaanza re/Start, mafunzo ya bure ya wiki 12 kwa watu wasio na kazi, yanayopitia mashirika ya mahali. Desemba 2020 ikaahidi kusaidia watu milioni 29 duniani kujifunza klaudi bila malipo kufikia 2025.

Upande wa Afrika Mashariki, watu hawakungoja kampuni. Machi 2010 ilifunguliwa iHub mjini Nairobi, nyumba ambayo vijana wa kompyuta walikutana, wakatumia intaneti moja, wakasaidiana kazi. Mwaka huohuo wanawake wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix ili wasichana nao wafundishwe. Intaneti ya nyaya za baharini ilikuwa imefika pwani ya Kenya na Tanzania tangu 2009, na bei ikaanza kushuka. Upande wetu waya wa bahari uliingia Muanda, mbali sana na ziwa, na ulichelewa miaka michache nyuma ya wenzetu.

Kakuma na Dzaleka

Kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilianza 1992. Dzaleka huko Malawi ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa, ikawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu elfu 10 hivi, leo ina zaidi ya elfu 50, na wengi wao ni Wakongo. Ukipita Dzaleka utasikia Kiswahili kama unapita sokoni Kalemie.

Mwaka 2010 Wajezuiti walianza masomo ya juu kwa njia ya intaneti katika kambi hizi mbili, wakishirikiana na chuo cha Regis cha Marekani kilichotoa diploma. Walimu walikuwa mbali, lakini kambini palikuwa na chumba, kompyuta, na mtu wa kuongoza wanafunzi uso kwa uso. Mwaka 2013 shirika la Vodafone na UNHCR wakaanza kupeleka madarasa yenye tableti na intaneti yake, na yamefika Kenya, Tanzania na Kongo pia. Mwaka 2016 Coursera ilifungua masomo yake bure kwa wakimbizi, lakini kupitia mashirika yanayokaa na wakimbizi. Kumbuka jambo hilo: hata kampuni ya masomo ya intaneti iliona kwamba lazima pawe na watu wa mahali.

Halafu wakimbizi wenyewe wakaanza kufundishana. Huko Dzaleka, Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLab, akawafundisha vijana kuandika programu za kompyuta. Aliyemaliza akawasaidia waliokuja nyuma yake. Mradi wa wafadhili unaweza kufungwa mwaka ukiisha, magari yakaondoka. Kikundi cha watu wanaoishi pamoja hakiondoki kwa urahisi hivyo, kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Milango iliyobaki imefungwa

Lakini tusiwadanganye vijana. Walioweza kazi Kakuma na Dzaleka walikuta ukuta mwingine. Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini. Mwaka 2023 iliwarudisha kwa nguvu hata waliokuwa na maduka mijini. Mkimbizi asiye na kibali cha kazi wala konti ya benki anaweza kuijua kazi, apate hata mteja, halafu asijue alipwe kwa njia gani.

Hapa kwetu, mtu aliyehama ndani ya nchi yake ana haki ya kufanya kazi. Shida yake ni karatasi. Chukua mtihani wa kwanza wa klaudi wa Amazon, unaoitwa Cloud Practitioner. Una maswali 65, dakika 90, na unalipiwa dola 100. Unaweza kuufanya kwa Kifaransa, na hiyo ni nafuu kwa Mkongo aliyesoma sekondari. Kwa Kiswahili haupo. Hautaki diploma ya Leta. Kijana ambaye diploma yake iliungua pamoja na nyumba huko Nyunzu au Manono anaruhusiwa sawasawa na mtoto wa mkubwa.

Ila unataka kitambulisho cha serikali, na jina lililoandikwa humo lilingane na jina ulilojiandikisha. Katika nchi yetu, kwa miaka mingi, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mwananchi. Aliyekimbia usiku bila kadi hiyo, au ambaye mwandikaji alikosea herufi za jina lake, anaweza kusoma miezi sita na kurudishwa mlangoni. Tena malipo yanapita kwenye kadi ya benki, na familia nyingi hapa zinatunza pesa katika telefoni tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kununua mega, ni kusahihisha karatasi.

Kalemie tuna nini

Mji huu ulikua kwa ufundi. Reli ya CFL kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville. Reli na bandari vilihitaji watu wa mashine, wa kuchomea vyuma, wa kutengeneza mashua, wa kuandika hesabu za mizigo. Wengi walijifunza kazini, kijana chini ya mzee. Kampuni ilikuwa ya Wabelgiji, na faida ilienda kwao. Baadaye kampuni ikabadilika jina, vita vikapita, treni zikapungua. Kilichobaki ni ujuzi ulioingia mikononi mwa watu. Hata leo bado kuna papa anayeweza kufufua injini ya mashua kwa vipande vya vyuma vya zamani.

Klaudi nayo si mali yetu. Kompyuta ni za watu wa mbali, na bei wanapanga wao. Ujuzi, hata hivyo, unaweza kubaki kwetu kama ule wa reli ulivyobaki, ikiwa utapita kutoka mtu hadi mtu. Lubumbashi, Goma na Bukavu vijana walijenga vikundi vyao vya kompyuta, wakakutana na kufundishana. Walioko Goma na Bukavu wamepatwa na vita tangu 2025, na wengine wametawanyika. Wakifika huku, tusiwaone kama watu wa kupewa unga tu. Huenda kati yao yupo mwalimu tunayemtafuta.

Njia ya intaneti pia inabadilika. Mei 2025 serikali yetu iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imetangaza mpango wa kuvusha waya wa intaneti kutoka Kigoma kuja upande wetu. Waya ukifika na watu hawajajifunza, utaleta video za kuangalia na basi.

Kwa hiyo tunaweza kuanza namna gani? Vijana watano au sita wanatosha, na kompyuta moja ya kushirikiana. Parokia, kanisa, msikiti au shule yenye umeme wa jua inaweza kuwapa chumba saa mbili jioni. Mmoja ashushe masomo wakati mega ni za bei nafuu, wote wayatumie bila kuunganishwa. Waanze na mambo ya msingi: kutumia kompyuta vizuri, kuelewa jinsi mitandao inavyoungana, Kiingereza kidogo cha kazi. Klaudi ije baada ya hapo. Wasichana wawemo tangu siku ya kwanza, na saa ichaguliwe ili warudi nyumbani kabla ya giza. Kikundi kikichanga franka kidogo kila wiki, dola 100 za mtihani wa mmoja zitapatikana, na yeye akishinda atawafundisha wengine kabla hajaondoka kutafuta maisha.

Na ninyi wazazi, mtoto akileta tangazo, mwulizeni mambo matatu. Je, wanaomba pesa ya kuandikishwa? Masomo ya bure ya kampuni hizi hayana ada ya kuandikishwa inayolipwa kwa namba ya telefoni ya mtu. Je, wanaahidi kazi? Hakuna mtihani wala cheti kinachotoa ahadi hiyo. Je, atasoma na nani, wapi? Kama hana jibu la swali hili la tatu, msimkataze. Msaidieni atafute wenzake kwanza.

Kwa mama anayehesabu franka za unga, mega za mtoto ni pesa ya kweli, na miezi ambayo kijana anakaa kambini bila shule hairudi. Pesa hiyo na miezi hiyo visiishie kwa tapeli, wala kwa kijana anayehangaika peke yake na telefoni yenye moto mdogo. Tukianza na kikundi kimoja, hata katika avenyu moja tu ya Kalemie, watakaokuja nyuma watakuwa na mtu wa kumwuliza.