Njia ya Namugongo

Ewe msomaji, kama umezaliwa Habaswein wajua maana ya kwenda kwa miguu, maana umewaona wachungaji wakiswaga ngamia visimani juani. Sikiliza basi habari za njia nyingine. Mwezi wa Mei, 1886, huko Munyonyo, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwahukumu kifo vijana Wakristo wa jumba lake. Walipelekwa Namugongo hali wamefungwa, na tarehe 3 Juni wengi wao wakachomwa moto. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Kila mwaka mahujaji huenda huko, wengine kwa miguu kutoka Kenya. Msafiri wa leo akichoka hupanda basi. Vijana wale wangaliikana imani yao wangaliokoka, wala hawakuikana. Wewe je, ni jambo gani lisilokuruhusu kurudi nyuma?