Uchumi wa Branson baada ya kimbunga cha 2012

Branson ni mji mdogo wa utalii kwenye vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri nchini Marekani. Usiku wa tarehe 29 Februari 2012 mji huo ulipigwa na tornado, yaani kimbunga chembamba kinachoshuka kutoka wingu la mvua ya radi na kuzunguka kwa kasi kubwa.

Mji unaoishi kwa wageni

Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 10,520 tu, lakini wageni hufika kwa mamilioni kila mwaka. Wengi wa wale wa mwanzo walivutwa na The Shepherd of the Hills, riwaya ya Harold Bell Wright ya mwaka 1907 kuhusu maisha ya vilimani. Baadaye yaliongezeka maziwa ya Taneycomo na Table Rock, yote mawili yakiwa yametengenezwa na binadamu, bustani ya burudani ya Silver Dollar City (1960) na majumba ya muziki wa country kando ya Barabara ya 76. La kwanza kwenye barabara hiyo lilijengwa na familia ya Presley mwaka 1967. Ajira nyingi na mapato mengi ya halmashauri, yanayotokana na kodi ya mauzo, vyumba vya hoteli na tiketi, hutegemea wageni hao.

Usiku wa kimbunga

Tornado hiyo ilipita mnamo saa 7 usiku. Ilikuwa ya daraja EF2, katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 5. Iliharibu majumba ya maonyesho, hoteli na maduka kwenye Barabara ya 76, ikavunja madirisha ya hoteli ya Hilton iliyo karibu na Ziwa Taneycomo. Watu zaidi ya 30 walijeruhiwa, lakini mjini hakufa mtu. Saa chache baadaye tornado nyingine iliua watu 8 huko Harrisburg, Illinois.

Kalenda iliusaidia mji. Februari majumba mengi huwa yamefungwa, yakingoja msimu unaoanza Machi. Jioni ya Julai, kumbi zikiwa zimejaa, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Kuwarudisha wageni

Baada ya upepo ilibaki hatari ya habari. Miezi tisa tu kabla, tornado ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 Joplin, mji wa jimbo hilohilo usiofika kilomita 200 kutoka Branson. Aliyeona picha za paa zilizong'oka angeweza kudhani Branson nayo imekwisha, akaghairi safari. Hasara ya namna hiyo humfikia hata mwenye jumba ambalo halikuvunjika kioo kimoja. Bima ya jengo hulipia paa; haimlipi mhudumu wa mkahawa aliyemaliza akiba yake akingoja msimu ufunguliwe.

Kwa hiyo kazi mbili zilikwenda pamoja: kuondoa vifusi, na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya mji haikuguswa na inapokea wageni. Meya wa wakati huo, Raeanne Presley, alikuwa wa familia yenye lile jumba la 1967, hivyo alilijua tatizo kutoka pande zote mbili. Majumba mengi yaliendelea na msimu wa mwaka huo. Matengenezo ya Hilton yalichukua miezi kadhaa.