Somo la Simu kwa Watoto wa Chekechea: Mwalimu Ahitaji Ujuzi Gani?

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Watoto wa PP1 na PP2 walingoja hadi Januari 2021. Mwaka 2024 mafuriko nayo yakachelewesha muhula wa pili. Kwa hivyo jambo hili halijapita.

Mwalimu huulizwa kwanza kama anajua kutumia Zoom. Kwa watoto wa miaka minne na mitano, mimi naona swali hilo si la kwanza. Mtoto wa umri huo hana simu. Simu ni ya mama, na mama yuko nayo kazini hadi magharibi. Anayefundishwa kwanza, basi, ni mtu mzima atakayeishika: mama, nyanya au dada mkubwa.

Mwalimu stadi hutuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mpe komwe kumi, azigawe mafungu mawili, kisha umuulize lipi lina nyingi." Simu huwekwa kando, somo likafanyika mkekani. Kama hakuna komwe, vifuniko vya soda vyatosha. Ujumbe wa sauti pia humngoja mama hata akirudi usiku, ilhali video ya moja kwa moja hula bando, na nusu ya muda huishia kwenye "mwalimu, hatukusikii".

Muda nao una hesabu yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 3 na 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Saa hiyo ni pamoja na katuni. Mwalimu anayewaweka nusu saa kwenye video amekula nusu yake.

Kazi ngumu zaidi ni kupima. Herufi zilizonyooka kama za karani hazikuandikwa na mtoto wa PP1, na kumgombeza mama hakusaidii. Omba sauti ya mtoto mwenyewe akihesabu na kueleza alivyofanya. Itumwe kwako peke yako, si kwenye kundi la wazazi arobaini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Mwisho, weka daftari la waliojibu. Mtoto akinyamaza wiki nzima, piga simu. Mara nyingi utakuta bando limeisha, au simu yenyewe imeharibika. Huyo mwandikie kazi kwenye karatasi, umwachie dukani kwa jirani.