Dalali wa Filamu

Filamu ya Uingereza isiyotoka kwenye studio kubwa huanza na nembo nne tano zinazopokezana kabla jina lake halijatokea. Aghalabu mojawapo ni ya kampuni ambayo haikuiandika filamu hiyo, haikuipiga picha, wala haitaionyesha popote. Waingereza huiita sales company. Ukisema "kampuni ya mauzo ya filamu" hujakosea, ila msomaji atadhani ni duka la DVD.

Wengine huiita msambazaji, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Msambazaji ni mnunuzi: hulipia haki za nchi yake, akatafuta kumbi, akabandika mabango. Anayemuuzia hamiliki filamu. Anatembeza mali ya mwenzake na kukata kamisheni. Mtu huyo Kiswahili kinamjua tangu enzi za majahazi. Ni dalali. Najua neno limechafuliwa na madalali wa vyumba, lakini "wakala" nalo limeshaenea kuanzia miamala ya simu hadi tiketi za mabasi, na halituambii tena nani anamuuzia nani.

Chukua HanWay Films ya London. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Jeremy Thomas, ambaye tangu 1974 alikuwa na kampuni yake ya utayarishaji, Recorded Picture Company. Huyu ndiye aliyetayarisha The Last Emperor ya 1987, filamu ghali iliyopigwa China kwa fedha alizohangaika kuzikusanya mwenyewe, na ambayo ilizoa tuzo zote 9 za Oscar ilizowania. Mtu aliyepita njia hiyo anajua thamani ya kuwa na dalali wake nyumbani. HanWay iliuza filamu za Thomas, kama A Dangerous Method ya 2011, na za watu wengine pia: Shame ya Steve McQueen, mwaka huohuo, na Brooklyn ya 2015.

Soko kuu ni Cannes, kila Mei. Wakati watu wa zulia jekundu wanapigwa picha, dalali yuko kibandani au kwenye chumba cha hoteli na wanunuzi wanaopishana kila nusu saa. Mara nyingi filamu anayoiuza haijapigwa hata picha moja. Ana muswada, jina la mwongozaji, waigizaji wawili waliokubali, na orodha ya bei: kila soko lina bei ya kuombea na bei ya mwisho ambayo hashuki chini yake. Mnunuzi wa Ujerumani akikubali, kwa kawaida hutoa asilimia 20 anaposaini. Iliyobaki hulipa akikabidhiwa filamu kamili. Hiyo ya kwanza ni arbuni, neno ambalo watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Jumla ya malipo yote mawili naiita kima cha chini: filamu ikidoda, hairudishwi, ikivuma, mnunuzi hurejesha kwanza fedha zake, ndipo ziada igawanywe. Mtayarishaji hupeleka mikataba hiyo benki, akakopeshwa, na kamera zikawashwa.

Nalo "soko" si lazima liwe nchi. Ujerumani huenda pamoja na Austria na Waswisi wanaozungumza Kijerumani. Uingereza na Ireland huwa fungu moja. Sisi wa Afrika Mashariki mara nyingi tumo ndani ya fungu analonunua msambazaji wa Afrika Kusini, kwa hiyo ruhusa ya kuonyesha filamu Dar es Salaam au Nairobi huenda ikatafutwa Johannesburg.

Neno langu lina kasoro moja. Zipo kampuni ambazo, zikiiamini filamu, humpa mtayarishaji kima cha chini kutoka mfukoni mwao kabla ya kupata mnunuzi yeyote. Dalali wa kweli hafanyi hivyo. Kwa hao nitakubali "dalali mdhamini", hata kama watunga kamusi watanikunjia uso.