Ubaridi na Giza: Habari za Joto, Hewa na Mwanga katika Nyumba za Kilwa na Lindi

Wanaoandika historia ya Kilwa aghalabu huanza na dhahabu ya Sofala, au na Wareno walioingia bandarini mwaka 1505, au na orodha ya masultani. Sina ugomvi na desturi hiyo. Walakini mwanafunzi mmoja asomaye ujenzi, mtu wa Lindi kama mimi, alinijia siku moja na swali ambalo dhahabu ya Sofala haikunisaidia kulijibu. "Mwalimu," alisema, "twafundishwa namna ya kulipasha jengo joto, na kulipoza, na kulitia umeme na taa, lakini mifano yote ni ya nchi za baridi. Je, wazee wetu wa Kilwa walifanyaje?" Nilimwahidi jibu, na makala haya ndiyo jibu lenyewe, ingawa yamekuwa marefu kuliko alivyotaka.

Habari ya kupasha joto haitatuchukua muda. Katika pwani hii hapana aliyejenga mahali pa kuotea moto sebuleni. Moto ulikaa uani, jikoni. Mara moja tu nyumba ya mawe ilihitaji moto mkubwa, nayo ni kabla haijajengwa, pale matumbawe yalipopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa hata yakawa chokaa.

Kuhusu kupoza, jibu lisikikalo siku hizi ni kwamba wazee walikuwa na elimu ya upepo, wakazielekeza nyumba zao kaskazini zipate kupokea upepo wa kaskazi katika miezi ya joto kali. Jibu hili lapendeza, tena lina ukweli ndani yake, lakini naona limetiwa chumvi. Ni kweli kwamba katika magofu ya Songo Mnara nyumba nyingi zimeelekea upande huo. Lakini huo ndio pia upande wa kibla kwa mtu asimamaye katika pwani yetu, na hapana awezaye kuapa kwamba mwashi aliufikiri upepo kabla ya kuifikiri sala. Upana wa vyumba nao haukuamuliwa na hewa. Dari ilichukuliwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na chokaa nzito. Boriti ikizidi urefu fulani hupinda na kuvunjika. Ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba, na upana wake ni nadra kuzidi mita 3. Mkoko ndio uliopima chumba.

Kilichoipoza nyumba hasa ni unene wa ukuta na wa dari. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea joto la jua polepole sana, hata likawa halijafika upande wa ndani jua linapokuchwa. Kisha usiku ukuta huanza kuyatoa yale uliyoyapokea, na ndipo watu hutoka kwenda barazani au uani kutafuta hewa. Basi mchana nyumba ya mawe ilikuwa kimbilio, na usiku ilikuwa na taabu yake. Ila ukuta huo uliozuia joto ulizuia na mwanga. Kila dirisha lililofunguliwa liliingiza jua pamoja na nuru. Kwa hiyo madirisha yalikuwa machache na madogo, chumba cha mbele kilipata nuru ya uani kwa njia ya mlango, na chumba cha nyuma kilipata masazo ya chumba cha mbele. Huko nyuma kabisa mtu alihitaji taa hata saa sita ya mchana. Ubaridi ulinunuliwa kwa giza, na jambo hili ndilo ambalo wasifuo nyumba za kale hawalitaji.

Lugha yetu imelihifadhi. Neno kishubaka, au shubaka, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya dirisha. Lakini kwetu mara nyingi lataja kijitundu cha ukutani kisichopenya upande wa pili, ambamo huwekwa taa au kitu kingine. Dirisha la lugha moja limekuwa mahali pa taa katika lugha nyingine. Sidai kwamba neno moja latosha kuthibitisha historia ya jengo, lakini mtu akiingia katika magofu akavikuta vishubaka hivyo, haoni tena kuwa ni ajabu.

Mahali bora pa kuviona ni Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililo juu ya jabali upande wa kaskazini wa Kilwa Kisiwani. Wataalamu wengi humnasibisha na jengo hilo Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka kadhaa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alionyesha kwamba jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na kwamba halikumalizika. Mna viwanja vya wazi vilivyozungukwa na vyumba, hata hewa na nuru vikapata pa kushukia. Mna vishubaka vya taa kutani. Na mna birika la kuogea lenye pembe nane, liangaliapo bahari. Mtu aliyeketi kando ya birika lile wakati wa jioni, taa zikiwaka kutani na upepo ukitoka baharini, alikuwa na raha ambayo wengi wetu leo hatuna.

Lakini raha hiyo ilitoka wapi? Maji hayapandi jabali peke yake, wala taa haijijazi mafuta. Kila mtungi ulibebwa na mtu, na kila utambi ulikatwa na mtu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 katika zama za sultani huyohuyo, asimulia jinsi alivyompa fukara mmoja watumwa pamoja na pembe za ndovu, na alisimulia kama habari ya ukarimu. Nijapo kuwaeleza wanafunzi mfumo wa kupoza wa Husuni Kubwa, huona si haki kutaja birika bila kutaja mabega.

Tena tusisahau kwamba nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Ibn Battuta mwenyewe aliandika kwamba mji ulijengwa kwa mbao, na maneno hayo yamewashughulisha sana wataalamu; huko Songo Mnara uchunguzi ulioanza mwaka 2009 umefunua nyumba za udongo na fito katikati ya zile za mawe. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti ina pengo kati ya ukuta na paa, na hewa hupita humo mchana na usiku. Nathubutu kusema kwamba katika usiku wa Februari mvuvi wa Kilwa alilala vizuri kuliko tajiri wake, maadamu makuti hayakushika moto.

Nyumba ya namna hiyo naijua. Bibi yangu alikuwa na yake Rasbura, katika mji wa Lindi: ukumbi wapita katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Katika ukuta wa ukumbi palikuwa na kishubaka, na ndani yake kibatari, na juu yake alama nyeusi ya masizi iliyopanda hata darini. Nilipokuwa mtoto makuti yaliondolewa, yakaletwa mabati. Siku ile ilikuwa ya furaha kubwa, nami sikubaliani na wale wanaoyalaumu mabati kama kwamba watu walidanganywa. Makuti huvuja, huoza, hushika moto, na hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini bati ni jembamba. Joto lililozuiwa na nchi nzima ya majani sasa lilishuka vichwani mwetu ifikapo saa sita. Bibi alihamishia shughuli zake zote za mchana chini ya mwembe, asilalamike hata siku moja.

Umeme ulipokuja ulionekana kama kwamba umeyafuta mapatano ya zamani: mtu aweza kuwa na nuru bila jua, na ubaridi bila ukuta mnene. Katika Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wadachi, na kwa muda mrefu ulikuwa wa wachache. Hapa pia neno lina habari. Pangaboi, ambalo ni feni ya darini, latokana na jina la yule mtumishi aliyevuta kamba ya kipepeo cha nguo juu ya kichwa cha bwana wake, huko Bara Hindi na kisha katika makoloni mengine. Mtumishi ameondoka, mashine imerithi jina lake.

Nguvu iliyouchukua mzigo wake nayo yatoka mahali. Mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa. Ikapita miaka 30, na mwaka 2004 ikaanza kwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako huzalisha umeme. Lindi katika miaka hiyo yote iliwashiwa taa kwa majenereta ya dizeli, na umeme wa gesi ulikuja kuifikia kutoka Mtwara, kutokana na gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982.

Miaka michache iliyopita nilisimamia mtihani katika jengo jipya, ambalo sitalitaja. Madirisha yake ni ya vioo vipana, yameelekea magharibi, na sehemu kubwa yake haifunguki, kwa kuwa mchoraji alitegemea viyoyozi. Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Baada ya dakika 20 msichana mmoja alianguka kutoka kitini. Tukambeba nje, na wenzake wakamalizia mtihani sakafuni, katika veranda ya jengo la zamani lililo jirani.

Nilimweleza kijana wa Lindi hayo yote. Likizo ilipofika alikwenda Rasbura na kipimajoto, akapima ukumbi wa bibi yangu asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku nane, na sasa anataka ruhusa ya kufanya vivyo hivyo Kilwa Kisiwani. Aliniletea pia picha ya kishubaka. Fundi wa umeme ameweka swichi ndani yake, na chini ya swichi kibatari kingalipo, kimejazwa mafuta.