Istilahi za Sikukuu za Kale za Skandinavia

Mfasiri wa vitabu vya historia ya Ulaya ya Kaskazini hukutana mapema na maneno yahusuyo ibada na majira ya watu wa Skandinavia kabla ya kuingia kwa Ukristo. Aghalabu maneno hayo hupewa visawe vya haraka: kiangazi, kafara, Krismasi. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi visawe hivyo vinavyopotosha historia, na kupendekeza vingine vinavyofaa zaidi.

Tuanze na mwaka wenyewe. Watu hao waliugawa mwaka katika nusu mbili, ya baridi na ya joto. Katika kalenda ya jadi ya Aislandi, nusu ya baridi huanza mwishoni mwa Oktoba, na nusu ya joto huanza Alhamisi iangukayo kati ya tarehe 19 na 25 Aprili. Siku hiyo ya Aprili ni sikukuu ya taifa hata leo, ingawa pengine theluji huwa haijayeyuka. Msomaji wetu aonapo neno “kiangazi” hufikiri jua kali na ardhi iliyokauka. Aonapo “kipupwe” hukumbuka miezi ya Juni hadi Agosti. Kwa hiyo “nusu ya baridi” na “nusu ya joto” ni istilahi zilizo salama zaidi.

Ibada kuu zilifuata mgawanyo huo. Snorri Sturluson, mwanahistoria wa Aislandi (1179–1241), anataja tatu: ya mwanzo wa baridi, kuomba mwaka wa neema, ya katikati ya baridi, kuomba mimea iote vyema, na ya kuingia majira ya joto, kuomba ushindi, kwani ndipo safari za vita zilipoanza. Naye Adam wa Bremen, aliyeandika karibu na mwaka 1075, anaeleza ibada kubwa ya Uppsala, Uswidi, iliyofanywa kila baada ya miaka 9.

Ibada ya namna hii iliitwa bloti. Je, tuiite kafara? Kafara kwetu hutolewa hasa ili kuondoa balaa. Lakini katika bloti, kama Snorri anavyoisimulia, mnyama alichinjwa, damu yake ikanyunyizwa, nyama ikapikwa na kuliwa na wote, na pombe ikanywewa kwa heshima ya miungu, kuomba ushindi, mavuno na amani. Neno “tambiko” lina karamu hiyo na maombi hayo ndani yake. Upungufu wake ni kwamba tambiko huelekezwa zaidi kwa wahenga. Basi mfasiri aongeze “kwa miungu” panapohitajika.

Neno gumu kuliko yote ni Yoli, sikukuu ya katikati ya baridi. Katika lugha za Skandinavia za leo, neno hilo hilo ndilo jina la Krismasi, na hapo ndipo mfasiri huteleza. Snorri anasimulia kwamba Hákon, mfalme Mkristo wa Norwe katika karne ya 10, aliamuru Yoli ianze wakati mmoja na sikukuu ya Wakristo. Mfasiri akiandika “Krismasi” mahali pote, amri hiyo haina maana tena: mfalme ataonekana amehamisha Krismasi kuipeleka kwenye Krismasi! Kabla ya amri hiyo tuandike Yoli. Kwa habari za leo tuandike Krismasi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba habari nyingi kati ya hizi ziliandikwa na Wakristo. Adam hakufika Uppsala. Snorri aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya Aislandi kupokea Ukristo. Hata neno “upagani” ni la waliokuja na dini mpya. Maandishi ya Kiaislandi huitaja pia dini hiyo kwa maneno yenye maana ya “desturi ya kale”, nasi twaweza kusema “dini ya jadi”, kama tusemavyo kuhusu dini za wazee wetu. Na yule duara wa sikukuu 8 aonekanaye katika vitabu vingine ni zao la karne ya 20. Asiingizwe katika historia ya kale.

Istilahi moja isiyofaa yaweza kufuta tukio zima la historia. Kwa sababu hiyo mfasiri na aulize kwanza jambo lilifanywa lini, na nani, kwa kusudi gani. Ndipo achague neno.